Mafungu ya Bega la Loyce

Loyce Kitundu alining'inia kwenye mikanda ndani ya banda la ndege, miguu ikielea juu ya sakafu, huku Mwalimu Njiku akimzunguka na mikono yake nyuma. Zoezi lilikuwa lile lile analompa kila mwanafunzi mpya, na Loyce, ambaye alikuwa amewafundisha wengine zoezi hilo kwa miaka mingi, alilifanya huku akitabasamu. Mkono wa kulia ulikwenda nyuma ya nyonga, ukavuta kishikio cha kufungulia mwavuli wa kurukia kutoka ndegeni. Mikono yote miwili ikapanda juu ya kichwa, ikakamata vishikio vya kuongozea, ikavishusha hadi kiunoni. Bega lilizunguka laini kana kwamba halijawahi kuvunja adabu maishani mwake.

Mwalimu alimwambia arudie. Alirudia, na safari hii alivuta kwa nguvu hata kishikio kikachomoka na kipande cha mshono.

Njiku aliokota kile kishikio, akakigeuzageuza. Alimuuliza kama anasikia maumivu. Loyce akasema hapana. Hata kidogo? Hata kidogo. Mzee akakitia kile kishikio mfukoni. Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu meupe, aliyeruka kutoka kila aina ya ndege iliyowahi kutua Singida, kuanzia zile za mafuta zilizopiga kelele hadi hizi za umeme zinazopanda kimya kimya, na hakuwa na kawaida ya kutafuta maneno.

"Nimefundisha watu wengi wanaoogopa," alisema mwishowe. "Wewe ndiye wa kwanza ambaye mimi ndiye ninayemwogopa. Mkono usiouma haujui pa kukomea."

Loyce alicheka, akajifungua mikanda, akaruka chini. Jumamosi alitakiwa kuruka mbele ya mkaguzi. Asiporuka, leseni yake ya ualimu ingekufa pamoja na msimu, mvua zingeanza, na mwaka ujao angepanga foleni na wanafunzi wanaouliza mlango wa ndege unafunguka upande gani. Kwa mwanamke ambaye hakuwa na kazi nyingine wala hakutaka nyingine, lile halikuwa jambo la kufanyia mzaha.

Msimu uliopita wa alizeti, mkono wake ulinaswa na kamba mwavuli ulipokuwa unafunguka. Mwavuli ukaenda juu, Loyce akaenda chini, na bega likabaki katikati bila kujua limfuate nani. Madaktari walirudisha mfupa mahali pake, wakashona kano zilizochanika, na baada ya miezi wakatangaza kwamba zimeshikana. Lakini maumivu hayakuwa yamesikia tangazo hilo. Yalikaa palepale, usiku na mchana, hata akawa hawezi kujifunga kitambaa kichwani.

Ndipo ukoo ukakaa na kumfanyia mgawo.

Asiyewahi kubebewa huenda akadhani ni uchawi, lakini ni ufundi tu. Uzi mwembamba kama unywele hulazwa kando ya mshipa wa fahamu wa pale panapouma. Uzi huo huyadaka maumivu kabla hayajafika kichwani na kuyapeleka kwa watu waliokubali kuvaa vipokezi, vidude vidogo kama shilingi vinavyobandikwa nyuma ya sikio. Waliobuni mtambo huu walitaka kuyaua maumivu kabisa, wakashindwa. Waligundua kwamba lazima mtu fulani ayasikie, la sivyo humrudia mwenyewe maradufu. Kilichowezekana ni kuyagawa. Maumivu ya kumliza mtu mmoja, yakigawanywa kwa watu tisa, kila mmoja husikia kama ameumwa na mbu mwenye haraka.

Miaka ya mwanzo matajiri waliwanunua wenye njaa wawabebee, mpaka serikali ikapiga marufuku biashara hiyo. Sasa maumivu hubebwa bure au hayabebwi. Na watu ambao hawajawahi kuacha harusi wala msiba upite bila kamati, wangeachaje bega lipite? Kamati ikaundwa, mwenyekiti akachaguliwa, soda zikanunuliwa, na ndugu tisa wakaenda zahanati na Loyce siku ya Jumatatu wakiwa wamevaa vizuri.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanyika kwa adabu kubwa. Nesi Mwasiti, aliyekuwa akisimamia migawo, alimuuliza Loyce kama angependa kuarifiwa mbebaji yeyote akijitoa, maana fungu la anayejitoa huwaangukia waliobaki. Alimuuliza mbele ya wote tisa, chupa za soda mikononi. Mtu aliyelelewa vizuri angejibu nini? Ni sawa na kusimama ukumbini siku ya harusi yako ukauliza nani hajamaliza mchango. Loyce akasema hapana, nesi, hawa nawaamini. Wakampigia makofi.

*

Kutoka uwanjani alikwenda kuchukua suti yake ya kurukia kwa Shangazi Yunisi, dada wa baba yake, fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko la vitunguu. Shangazi hakuwahi kuficha maoni yake kuhusu kazi ya Loyce. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu mwenye akili timamu hatoki ndani ya ndege ambayo haijaharibika. Siku ya kamati alikuwa wa mwisho kukubali kipokezi, na alikibandika huku akinung'unika kama mtu aliyepewa masufuria ya wageni ayaoshe. Loyce alikuwa ameizoea sauti hiyo tangu mama yake alipofariki na Shangazi akamchukua, na aliipenda bila kujiuliza.

Ndani ya kibanda kulikuwa na mteja. Alikuwa mama mmoja aliyerudisha shati la shule la mwanawe, kola imekwenda upande, akiuliza kwa upole kama fundi siku hizi macho yanamsumbua. Shangazi alijibu kuwa ni macho, macho tu, alete kesho. Loyce hakutaka kumwaibisha kwa kuingia wakati huo. Alisubiri nje, kivulini, na kwa kuwa hakujua kukaa bure alianza zoezi la daktari la kutambaza vidole ukutani, juu, juu zaidi, hadi mkono unyooke.

Yule mama akaondoka. Cherehani ikaanza kulia, ile ya kukanyaga kwa miguu, ambayo Shangazi alikataa kuibadilisha kwa mashine zinazoshona zenyewe. Loyce akapandisha vidole. Cherehani ikanyamaza. Akashusha mkono. Ikaendelea. Akapandisha tena huku akiwaza mambo ya Jumamosi, ikanyamaza tena, na hakuona chochote cha ajabu mpaka jambo lilipojirudia mara ya tatu.

Alisimama pale akiutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akafanya kitu ambacho alichelewa sana kujisamehe. Aliuinua ghafla, kwa makusudi, hadi mwisho. Ndani ya kibanda mkasi ulianguka sakafuni, na mtu akavuta pumzi kwa meno.

Aliingia. Shangazi alikuwa ameinama juu ya meza, mkono wa kushoto umelishika bega la kulia, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Siku hizi hodi hupigi?" Alijinyoosha, akaokota mkasi kwa mkono wa kushoto, akajifanya anatafuta uzi.

Loyce aliukunja mkono wa kulia, akaubana kifuani, akaushika na wa kushoto. "Umebeba mafungu mangapi?"

"Langu. Kama wenzangu."

"Siunyanyui mkono huu mpaka uniambie."

"Basi ubane hivyo hivyo," Shangazi alisema, "na mimi nipumzike kidogo."

Alisema kwa utani, lakini sauti ilimkatikia njiani, na baada ya hapo hapakuwa na la kuficha. Alimwambia. Binamu Kiula, dereva wa lori, alijitoa kwa sababu alichomwa ghafla akiwa kwenye kona ya mlima, karibu aue watu. Shemeji Tumsifu alijifungua, akashauriwa avue kipokezi. Mmoja alikuwa na mitihani. Watano waliobaki walichoka tu, na Shangazi hakutaka kuwataja, maana walikuja usiku mmoja baada ya mwingine, wanalia, wakampa vipokezi mkononi kama watu wanaorudisha sufuria ya kuazima iliyotoboka. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alijua wako wengine wanaobeba. Tangu mavuno ya vitunguu wengine hao walikuwa Shangazi peke yake.

Loyce alikaa juu ya marobota ya vitambaa. Alikumbuka video alizokuwa akituma kwenye kundi la ukoo, yeye akipiga pushapu, yeye akining'inia kwenye bomba, yeye akitupa mpira. Wajomba walituma vijipicha vya ngumi na vikombe vya ushindi. Shangazi alijibu kila mara, lakini baada ya muda mrefu, neno moja tu, hongera. Loyce aliwahi hata kukasirika kwamba shangazi yake hafurahi. Sasa alielewa kwa nini neno moja lilimchukua muda wote ule, na aibu ikamjaa hata akashindwa kuinua uso. Alilia, tena bila kujizuia, kama alivyolia utotoni katika kibanda kile kile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuruka. Halafu ungehamia kwangu, ungekaa hapo mlangoni unanitazama. Wewe usiporuka una gubu."

Loyce alisema kesho asubuhi anakwenda zahanati kuyarudisha yote. Shangazi akatikisa kichwa. Alimkumbusha Jumamosi. Alisema siku ni chache, kuruka ni mara moja, amebeba miezi, atashindwaje kubeba na hiyo? Leseni ikishapatikana, Loyce ayachukue maumivu yake akae nayo mvua zote. Aliyasema hayo kwa ukali wake wa kawaida, kama anamgombeza mtoto amalize uji.

Loyce alijua mwavuli unavyofunguka. Mwili unaoanguka kwa kasi maradufu ya basi la njia kuu hushikwa na mikanda na kuzuiwa kwa muda wa kupiga chafya mbili, na mshindo wote hupita mabegani. Aliujua kwa mifupa yake. Akamwona Shangazi kwenye kiti kile, sindano ikienda, mshindo ukimfikia kutoka angani bila taarifa. Alipaswa kukataa palepale. Lakini aliiona pia leseni yake, na mlango wa ndege ukiwa wazi, na akaondoka na suti yake begani.

*

Usiku alijiambia kila kitu ambacho mtu hujiambia. Kwamba Shangazi amejitolea mwenyewe. Kwamba sheria inaruhusu. Kwamba ni mara moja. Yote yalikuwa kweli, na akalala nayo vizuri kiasi.

Asubuhi alichukua mswaki, akataka kuupeleka mdomoni, na mkono ukagoma. Haukuwa na maumivu wala udhaifu. Yeye ndiye aliyeshindwa kuunyanyua, kwa sababu saa hiyo Shangazi hukaanga maandazi, na Loyce hakujua kama ameshika mwiko au karai la mafuta ya moto. Alisimama mbele ya kioo na dawa ya meno ikidondoka. Mwishowe akapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, akavaa, akamwarifu nesi kwa simu, akaenda zahanati.

Shangazi alikuwa amemtangulia. Alikaa kwenye benchi na gauni lake la kanisani, mkoba mapajani. Nesi Mwasiti alikuwa amempigia simu, kwani kanuni inataka mbebaji awepo mwenye maumivu anapoyarudisha. Nesi hakumtazama Loyce machoni. Alisema aliyajua yote, na kila wiki alimsihi mama huyu, lakini siri ya mgawo ni ya wanaobeba, na yeye Loyce mwenyewe ndiye aliyesema hataki kujua.

"Nirudishie yote," Loyce alisema.

"Nina ombi," Shangazi akasema. "Uniachie fungu moja."

Loyce alisema hapana. Alisema amembebesha vya kutosha, na mtu hawezi kupenda kuumwa.

"Nani kasema napenda?" Shangazi aliufungua mkoba, akaufunga tena. "Siku ile ulipoanguka, unajua nani aliniambia? Muuza mkaa. Ulikuwa hospitali tangu asubuhi, mimi nashona vifungo, nacheka na wateja. Jioni anakuja kijana na gunia, ananiambia pole mama kwa msiba. Msiba, Loyce. Nilitembea mpaka hospitali najua nakwenda kuchukua maiti." Akajifuta macho kwa kanga. "Tangu nivae kidude hiki, ukiamka najua. Ukichana nywele najua. Miaka yote unaruka, mimi huwa nakaa kwenye kile kiti natazama saa. Sasa niachie kidogo. Nijue tu kwamba umefungua."

Nesi Mwasiti alijishughulisha na kabati ambalo halikuwa na shida yoyote. Loyce alimtazama shangazi yake, mwanamke aliyekuwa akibisha kuhusu ndege miaka yote ile, na akatambua kwamba hakuwa akibisha kuhusu ndege. Loyce alikuwa hajawahi kumuuliza huku chini kunakuwaje. Je, ni haki kumwachia mtu kipande cha maumivu yako kwa sababu amekuomba? Aliitafuta hoja ya kukataa, akaipata, tena nzuri, lakini ilikuwa hoja ya mtu ambaye daima ndiye anayeruka.

"Moja," alisema. "Na ukichoka unaniambia mimi. Si nesi, si kamati. Mimi."

Nesi akageuza kifundo cha mtambo taratibu. Maumivu yalirudi kama mgeni anayeijua nyumba, hayakuuliza chumba. Loyce alishika ukingo wa benchi, akasikia mdomo wake ukitoa sauti ambayo hakuituma. Alipofumbua macho alimwona Shangazi akilizungusha bega lake, mara moja, mara mbili, kwa mashaka, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho kilikuwa kinambana. Uso ulikuwa umemlegea. Loyce hakujua, mpaka wakati huo, kwamba ule uso uliokunjamana haukuwa uzee.

*

Siku mbili zilizofuata alining'inia kwenye mikanda na kujifunza upya. Mkono uliokuwa ukifika nyongani kwa fahari sasa ulikwama njiani na kumfanya atokwe na machozi. Njiku alimwambia asiusukume, autafutie njia. Wakaipata. Kiwiko kikae karibu na mbavu kwanza, ndipo kiganja kiteleze nyuma. Katika kushusha vishikio, mikono ipite mbele ya uso, isipanuke. Kila alipotoka kwenye njia hiyo bega lilimkaripia, akarudi. Jioni ya Ijumaa alifanya zoezi lote, polepole, uso umekunjamana, na hakuchomoa chochote. Njiku akasema sasa anaona mtu, akaenda kumpigia simu mkaguzi.

Jumamosi kulikuwa na mawingu mapana, meupe, yasiyo na mvua. Ndege ya umeme iliwapandisha kimya hadi juu yake. Mkaguzi alikaa mkabala na Loyce. Mlango ulipofunguliwa, upepo ukaingia na ile harufu ya baridi aliyoikosa kwa msimu mzima, na Loyce akaogopa, hofu safi, ya afya. Alishukuru kwamba anaogopa.

Akatoka.

Mwanzoni kulikuwa na ngurumo tu na mwanga. Aliukunjua mwili, hewa ikambeba, bega likalalamika na akalipunguzia upana kidogo, likatulia. Chini yake mawingu yalisogea, yakamfikia, yakammeza. Ndani yake hapakuwa na juu wala chini, ila saa ya kimo kwenye kifundo cha mkono na maumivu, ambayo angalau yalimwonyesha mkono wake uko wapi. Kiwiko mbavuni. Kiganja kikateleza nyuma. Vidole vikagusa kishikio.

Alisita kidogo. Alimfikiria mwanamke kwenye kiti.

Akavuta.

Mshindo ulimpata palepale alipoutarajia, na ulikuwa mbaya. Alipiga ukelele mmoja ndani ya wingu, peke yake. Kisha kimya kikubwa kikaja, mwavuli ukawa juu ya kichwa chake, mzima, wa mraba, kamba zote mahali pake. Alitoka chini ya wingu akaikuta nchi imetandazwa, ziwa la chumvi upande mmoja, mashamba ya alizeti upande mwingine, yote yakigeuza nyuso zake kulekule. Akashusha mikono mbele ya uso wake, akatua kwa magoti, akabaki kapiga magoti hivyo akihema.

Mwalimu Njiku alimfikia akikimbia, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliona. Alimsaidia kuvua mikanda na kumpa habari huku akitafuta pumzi. Wingu lilikuwa limemfunika kabisa, alisema, watu wote uwanjani walisimama na darubini zao hawaoni kitu. Shangazi yake peke yake ndiye aliyekuwa amekaa, macho kafumba, kiganja begani. Ghafla akaguna. Akafumbua macho, akavuta chupa ya chai, akasema amefungua, nani nimmiminie. Hakuna aliyekuwa ameona hata kivuli.

Loyce aliuvuka uwanja bila kuharakisha. Shangazi Yunisi alikuwa kwenye kiti cha kukunja karibu na banda, mkoba miguuni. Alimtazama Loyce kuanzia viatu hadi nywele, kama anayekagua mshono. Akamimina chai na kumnyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto, na Loyce akakipokea kwa mkono wa kushoto, utovu wa adabu ambao siku nyingine Shangazi asingeuvumilia.

"Pole, Shangazi," Loyce alisema. "Iliuma?"

Shangazi alilisugua bega, akaangalia juu kule mawinguni.

"Mara ijayo," alisema, "fungua taratibu."